Kabla hujahamia kijijini Ufaransa, jifunze salamu na kuni

Huu ni mwaka wangu wa sita katika kijiji kidogo cha mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa, juu kwenye uwanda wa Millevaches. Ndugu zangu Tanga wakisikia Ufaransa wanaona Paris. Huku nyumba ni za mawe ya graniti, malisho yana ng'ombe wekundu wa Limousin, na duka la mikate lilifungwa kabla sijafika. Mkate unaletwa na gari dogo mara mbili kwa wiki. Dereva akipiga honi, tunatoka na vikapu.

Hapo kwenye gari la mkate ndipo nilipojifunza jambo la kwanza. Sema "Bonjour" kabla ya neno lolote, na mzee mwambie "vous", yaani "wewe" ya heshima, hata kama mnaonana kila siku. Sisi tuliolelewa na shikamoo hili halitupi shida. Miezi ya mwanzo nilidhani watu wananinunia, kumbe walikuwa wanangoja mgeni aanze. Wiki ya kwanza nenda pia ukajitambulishe kwa meya ofisini kwake. Katika kijiji cha watu mia mbili anakujua kwa sura.

Kuni ndizo zilizonitesa. Novemba ya kwanza nilinunua kuni kwa haraka, nikaambiwa ni kavu. Jiko lilijaa moshi, kioo chake kikawa cheusi, na chumba hakikupata joto. Jirani, mzee wa miaka themanini, aliuona ule moshi mzito akaja mwenyewe. Alichukua magogo mawili akayagonganisha: yalitoa sauti ya kufifia, kama kupiga mgomba. Kisha akaleta mawili yake. Yalilia kwa ukali, na ncha zake zilikuwa na nyufa kama jua lililochorwa na mtoto. Kuni za mwaloni zinahitaji kama miaka miwili kukauka, kwa hiyo nunua mapema, na uzigonge kabla ya kulipa. Mbichi zinaacha masizi kwenye bomba la moshi, na masizi hayo yanaweza kushika moto.

Bila gari utateseka, usijidanganye. Na kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Ukitembea msituni vaa rangi kali. Ukiokota uyoga, mwonyeshe mfamasia kwanza.

Ukishatulia, nenda Gentioux, kijiji kingine cha huku. Mnara wake wa wafu wa vita ya 1914–1918 una sanamu ya mtoto yatima, kofia mkononi, ngumi imeelekea maneno "Maudite soit la guerre": vita na vilaaniwe. Nilipelekwa na yule mzee. Alivua kofia yake, akasoma majina yote kwa sauti ya chini, nami nikasimama kando yake mpaka akamaliza.