Saa mbili zimeishia wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Binti yangu anakuja Krismasi na wajukuu wawili kutoka Uholanzi. Tiketi aliyonitumia kwenye simu inasema ndege inaondoka Amsterdam 10:15 na kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, 20:45. Nikihesabu napata saa kumi na nusu. Yeye anasema ni saa nane na nusu tu. Nani amekosea? Na nitoke nyumbani saa ngapi kuwapokea?
Bibi wa Kibosho, Moshi

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa ugeni. Binti yuko sahihi, na hesabu yako pia si mbovu. Kila saa ya tiketi ni ya pale ndege ilipo: 10:15 ni ya kwao, 20:45 ni ya kwetu. Desemba Uholanzi wako nyuma yetu kwa saa mbili. Wakiondoka kule, wewe Kibosho ni saa sita na robo mchana. Toka hapo mpaka saa tatu kasorobo usiku, hesabu mwenyewe. Wangekuja Julai tofauti ingekuwa saa moja, maana Wazungu husogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha mwishoni mwa Oktoba.

Umbali wenyewe, ukinyoosha kamba, ni kama kilomita 6,900. Ndege kubwa hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ingetosha saa saba na dakika arobaini hivi. Lakini tiketi huhesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka mlangoni mpaka inapoegeshwa, na angani hainyooshi kamba. Njia fupi ingepita juu ya Sudan, na tangu vita vilipoanza kule Aprili 2023 ndege nyingi huizunguka.

Sasa kubwa zaidi: dereva wako. Nimeendesha gari la watalii miaka mingi hapa Arusha, na aibu yangu ya kwanza ilikuwa karatasi iliyoandikwa "mgeni anafika 8:00". Nikaisoma Kiswahili: saa nane mchana. Nikala ndizi zangu Usa River bila haraka. Kufika KIA, mama wa Kijerumani amekalia begi tangu saa mbili asubuhi, na mimi namwinulia bango lenye jina lake kama vile ndiyo kwanza ametua. Usimtumie kijana picha ya tiketi. Mwandikie kwa maneno: saa tatu kasorobo usiku.

Tokeni Kibosho saa moja usiku. Ni mapema, najua, lakini Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani, na foleni ya Bomang'ombe mtaijua wenyewe. Mkiwahi, kunyweni chai. Kwa foleni ya viza na mizigo, mara nyingi wageni wangu walitoka saa nzima baada ya kutua. Masweta ya wajukuu yaache. Watatoka na makoti ya baridi ya huko, na watayavua hapo hapo mlangoni.