Mlio wa Chuma Kwenye Kibodi: Jua Unatoka Wapi Kabla ya Kushika Grisi

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuandika kumbukumbu za vikao na mahojiano, na mara nyingi huandika huku kikao kikiendelea mtandaoni na maikrofoni yangu ikiwa wazi. Siku moja mshiriki mmoja aliuliza kwa upole kama kuna mtu anayegonga kengele ndogo. Hakukuwa na kengele. Ilikuwa kibodi yangu mpya ya kimekanika, yaani yenye swichi ya springi chini ya kila kitufe, yenye kasha la alumini na bamba la chuma cha pua linaloshikilia swichi hizo, ambayo kila nilipoachia kitufe ilibakiza mlio mwembamba ulioendelea hata baada ya sauti ya kitufe chenyewe kwisha. Tangu siku hiyo nimefungua kibodi nyingi, zangu na za wenzangu kazini, na haya ninayoandika ni kwa ajili yako wewe unayeanza, uliyenunua kibodi ya aina hii ukitarajia sauti iliyotulia na ukakuta inalia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia sponji. Nilikata sponji nyembamba ya kufungashia vifaa, nikaitandika chini ya bodi ya saketi, nikarudisha skrubu zote na kuketi kuandika nikiwa na matumaini makubwa. Mvumo mzito wa kasha ulipungua kweli, lakini ule mlio mwembamba ulibaki palepale, na kwa kuwa kelele nyingine zilizokuwa zikiufunika zimeondoka, ulisikika waziwazi kuliko mwanzo. Sponji hutuliza hewa iliyo ndani ya kasha, wala haigusi springi iliyo ndani ya swichi. Nilipoteza siku mbili za mapumziko kwa sababu sikujiuliza sauti inatoka wapi.

Inaweza kutoka sehemu nne: springi, ulimi wa shaba unaofunga mkondo wa umeme ndani ya swichi, waya wa stabilaiza (kifaa kinachofanya kitufe kirefu kishuke sawasawa) chini ya vitufe virefu, na kasha lenyewe pamoja na bamba. Njia ya kuzitenganisha haihitaji kifaa chochote. Kama swichi zako ni za kuchomoa, toa moja, ishike karibu na sikio, ibonyeze taratibu hadi chini, kisha iachie ghafla. Ikilia ikiwa mkononi, tatizo limo ndani yake. Kisha gonga kasha kwa upande wa ngumi, bila kubonyeza kitufe chochote, na usikilize kama linaendelea kuvuma. Swichi ikinyamaza mkononi na kasha likavuma, huna sababu ya kufungua swichi hata moja. Kwa kibodi ambayo swichi zake zimelehemiwa kwenye bodi, bonyeza na kuachia kitufe kimoja huku kiganja cha mkono wa pili kikikandamiza kasha kwa nguvu. Mlio ukikatika mara moja, kasha lina sehemu kubwa ya lawama.

Mara nyingi mkosaji ni springi. Unapobonyeza kitufe, springi hukandamizwa. Unapokiachia, inanyooka kwa kasi, na mizunguko yake huendelea kutetema kwa muda mfupi kwa sababu hakuna kitu kinachoishika. Mtetemo huo hupita kwenye plastiki ya swichi, huingia kwenye bamba, na bamba la chuma au la alumini huubeba mbali kwa kuwa metali hizi humeza mtetemo kidogo sana. Ndiyo maana swichi zilezile zikiwekwa kwenye bamba la polikaboneti, aina ya plastiki, husikika zimepoa zaidi. Zipo pia sauti za mkwaruzo zinazotoka kwenye ncha za springi zinapojizungusha juu ya plastiki, nazo wageni wengi huzichanganya na mlio. Mkwaruzo husikika wakati wa kubonyeza polepole, mlio husikika baada ya kuachia.

Tiba ya springi ni mafuta, na hapa naomba usome kwa makini, maana ndipo nilipoharibu. Wajenzi wa kibodi hutumia vilainishi vya chapa ya Krytox: mafuta ya majimaji ya Krytox GPL 105 kwa springi na grisi ya Krytox GPL 205 ya daraja la 0 kwa sehemu za plastiki zinazosuguana. Springi zote huwekwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, yakadondoshwa matone machache ya mafuta, mfuko ukajazwa hewa na kufungwa, kisha ukatikiswa kwa dakika kadhaa hadi kila springi ipate utando mwembamba. Usiache kujaza hewa: mfuko uliolegea husokota springi zikashikana, na kuzitenganisha bila kuzipinda huchosha sana. Baadhi ya watu hupendelea kuchovya ncha mbili tu za springi kwenye grisi. Njia hiyo huondoa mkwaruzo vizuri, lakini kwa mlio unaotoka katikati ya springi nimeona mafuta ya mfukoni yakifanya kazi bora zaidi.

Mimi sikutumia mafuta. Nilitumia ile grisi nzito, nikaipaka kwenye springi na kila pembe ya swichi zote 87 za kibodi isiyo na sehemu ya namba, nikiamini kwamba nyingi ni bora kuliko kidogo. Vitufe vikawa vizito na vivivu kurudi juu, na vichache vikaacha kuandika kwa sababu grisi hii haipitishi umeme, na tabaka nene likiingia kati ya ncha mbili za shaba huzizuia kugusana. Nilidhani ningeiosha kwa spiriti. Grisi ya jamii hii haiyeyuki katika spiriti ya kawaida. Nililazimika kuifuta kwa brashi na kitambaa, swichi moja baada ya nyingine, kwa wiki nzima ya jioni. Kwa hiyo paka tano kwanza, ziandikie siku mbili, ndipo uendelee na nyingine. Usijaribiwe na mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kunata kadiri siku zinavyopita, wala mafuta mepesi ya kulegeza skrubu zenye kutu, kwa kuwa sehemu kubwa yake huvukiza na yanayobaki hukusanya vumbi.

Ulimi wa shaba ni mgumu zaidi. Katika swichi nyingi zenye umbo la Cherry MX, muundo unaoigwa na watengenezaji wengi, miguu ya kijiti (sehemu ya swichi inayoshuka pamoja na kitufe) husukuma ulimi huo kila kitufe kinapopanda na kushuka, na wakati mwingine ulimi hulia wenyewe hata springi ikiwa imepakwa vizuri. Ukiondoa springi, ukafunga swichi na kusogeza kijiti kwa kidole, utausikia peke yake. Utando mwembamba sana wa grisi kwenye miguu ya kijiti hupunguza mlio huo bila kuumaliza. Kwa maoni yangu, swichi ambayo ulimi wake unalia sana haifai kung'ang'aniwa. Ni afadhali kubadilisha aina. Na kama swichi zako zimeundwa kutoa mlio wa kidoko, ile sauti ya “klik”, kwa makusudi, elewa kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na grisi itaiharibu tu.

Stabilaiza hailii kama kengele bali hutikatika, hasa chini ya kitufe cha nafasi, Enter na Shift. Chomoa waya wake, uulaze juu ya kioo, na uguse ncha moja: ncha ya pili ikiinuka, waya umepinda na unahitaji kunyooshwa kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya hapo paka ncha zake grisi ya silikoni, ile ambayo maduka ya vipuri vya magari huuza kwa ajili ya plagi. Hapa unaweza kupaka kwa ukarimu ambao swichi haziuvumilii.

Kasha la alumini mara nyingi hulia kwa sababu nusu zake mbili zinagusana chuma kwa chuma. Bandika vipande vidogo vya tepu ya umeme kwenye maeneo ya kugusana, karibu na matundu ya skrubu, kisha kaza skrubu kwa kiasi tu. Kazi hii ya dakika kumi ndiyo iliyonipa nafuu kubwa kuliko sponji yote niliyowahi kukata. Wapo wanaobandika tabaka mbili au tatu za tepu ya karatasi ya wapaka rangi mgongoni mwa bodi ya saketi. Hubadilisha sauti ya jumla ikawa nzito zaidi, na kwa mlio wa springi msaada wake ni mdogo. Usitumie kamwe tepu yenye karatasi ya alumini mahali hapo, maana inapitisha umeme. Kibodi isiyo na waya ina betri ya lithiamu ndani: chomoa plagi ya betri kwanza, na usiibane kwa sponji.

Jambo hili halikuanza na kibodi za siku hizi. Model M ya IBM, iliyotoka katikati ya miaka ya 1980, ina springi inayojikunja chini ya kila kitufe na hujulikana kwa mlio wake. Baadhi ya wenye nayo huingiza kipande kifupi cha uzi wa kusafishia meno ndani ya springi ili uzi uishike mizunguko yake isitetemeke ovyo.

Ukianza kupaka, acha swichi tatu au nne bila kuzigusa, na uziweke kwenye vitufe usivyovitumia sana. Masikio huzoea haraka, na baada ya wiki hutakumbuka mlio wa awali ulikuwaje. Rekodi pia sauti kwa simu kabla na baada, simu ikiwa mahali palepale kwenye meza ileile. Mimi huiweka mahali inapokaa maikrofoni yangu wakati wa vikao, kwa sababu meza yenyewe hubeba mtetemo hadi kwenye mguu wa maikrofoni, na kitambaa kizito kilichokunjwa chini ya kibodi kilikatiza njia hiyo ambayo mafuta yasingeweza kuifikia.