Kutoka Luteni Usu hadi Kanali: miaka mingapi, na wapi watu hukwama

Kijana akirudi nyumbani Wete au Mwembeladu na nyota moja ya Luteni Usu begani, suali la kwanza barazani huwa hilohilo: Kanali lini? Jibu lipo, ila lina sehemu mbili, na watu wengi huishia kusikia ya kwanza. Hadi Kapteni, afisa hupandishwa zaidi na kalenda. Kuanzia Meja kwenda juu, kalenda humfikisha mlangoni tu. Kuingia ni mpaka nafasi iwepo.

Ngazi zenyewe wengi wanazijua. Afisa mwanafunzi akimaliza Chuo cha Kijeshi Monduli hutunukiwa kamisheni, yaani hati ya uafisa, na Amiri Jeshi Mkuu, akawa Luteni Usu. Mbele yake kuna Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali na Kanali, kisha vyeo vinne vya ujenerali: Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, na Jenerali kamili. Aliyeingia kama askari wa kawaida ana ngazi yake nyingine, ya koplo na sajenti hadi afisa mteule. Huyo naye anaweza kuchaguliwa kwenda kusomea uafisa, lakini ataanza na nyota moja akiwa na umri ambao aliyeingia moja kwa moja kaishakuwa Kapteni. Mlango ulioingilia una uzito kuliko bidii ya miaka kumi ya baadaye. Haipendezi kusema, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa miaka, kipimo kizuri ni Marekani, maana wao wameiweka ratiba kwenye sheria tangu 1980. Katika jeshi lao la nchi kavu, Luteni Usu hukaa kama miezi 18 akawa Luteni, na akifikisha miaka 4 hivi ya kamisheni anakuwa Kapteni. Umeja huja kwenye mwaka wa 10, Luteni Kanali wa 16, Kanali wa 22, kila kimoja kikiwahi au kuchelewa kwa mwaka. Na si wote wanaopita: kigezo chao ni asilimia 80 ya wanaofikia zamu ya Umeja, 70 ya Luteni Kanali, 50 ya Kanali. Piga hesabu. Makapteni 100 hutoa mameja 80, hao hutoa maluteni kanali 56, na wanaobaki kuwa makanali ni 28. Anayeachwa mara mbili kwenye cheo kimoja, kwa kawaida huonyeshwa njia ya kutokea.

Sasa weka umri juu ya hesabu hiyo. Aliyepata kamisheni na miaka 23 anakuwa Meja na miaka 33, na Kanali na 45. Aliyeipata na miaka 28 anafika Ukanali akiwa na miaka 50, na hapo hapo ukomo wa utumishi unamkabili. Ndiyo maana matangazo ya nafasi za jeshi huweka masharti makali ya umri, na ndiyo maana kijana wa kidato cha sita anayesema "nipumzike kwanza mwaka mmoja miwili" anaikata miaka hiyo mwishoni mwa safari yake, hata kama leo haoni.

Kwa nini breki ikamate kwenye Umeja? Tazama kikosi kimoja. Platuni ina watu kama 30, na inaongozwa na Luteni. Kombania ina watu zaidi ya 100, inaongozwa na Meja, na kombania hizo ni nne au tano. Kikosi kizima kina Luteni Kanali mmoja anayekikamanda, na kiti chake hakiwi wazi kila mwaka. Maluteni wako wengi, viti vya juu vinahesabika, na ikama, yaani idadi ya nafasi zilizopangwa, haiongezwi kwa sababu mtu ni hodari.

Njia za mkato zipo mbili, vita na uteuzi. Napoleon alikuwa Brigedia Jenerali mwaka 1793 akiwa na miaka 24. Eisenhower wa Marekani aliganda kwenye Umeja karibu miaka 16, hadi 1936. Vita vilipokuja, aliyekuwa Luteni Kanali mwanzoni mwa 1941 akawa Jenerali wa nyota tano Disemba 1944. Kwetu, David Musuguri aliingia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1942, akaongoza divisheni katika vita vya Uganda, na akawa Mkuu wa Majeshi 1980: vita vilimsukuma, lakini juu ya miaka 38 ya kazi. Kwa uteuzi, Jacob Mkunda alipoteuliwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2022 alitoka Meja Jenerali akawa Jenerali, akiruka cheo kimoja. (John Okello aliyejiita Fildi Mashali hapa Unguja Januari 1964 simhesabu, kufika Machi alikuwa keshaondoshwa visiwani.) Usipange maisha yako juu ya mambo haya.

Kinachopangika ni kozi. Kwa nafasi za juu kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kule Duluti, Arusha, na juu yake Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichoanza 2012. Mtu hukwama hapa kwa sababu ya ajabu kidogo: kazi anaifanya vizuri mno. Mnadhimu, yaani afisa wa mipango na ofisi, anayeibeba ofisi nzima, mkuu wake hataki kumwachia mwaka mzima aende darasani. Miaka miwili ikipita, wadogo zake wameshakwenda. Omba kozi kwa maandishi, mapema, na umtaje atakayekaa badala yako.

Lingine ni taarifa ya mwaka, ile mkuu wako anayoiandika juu yako. Wanaokaa kupanga vyeo wengi hawakujui kwa sura, wanasoma faili. "Mtiifu, mchapakazi, anashirikiana na wenzake" ni maneno mazuri ya kumzika mtu, kwa sababu hayasemi kama anaweza cheo kinachofuata. Kinachombeba ni kitu kinachoonekana: alikaimu kombania kwa miezi sita, aliongoza zoezi fulani, silaha zote zilikutwa kamili kwenye ukaguzi.

Wanaotazama KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, wajue vyeo vyake ni vya kibahari. Luteni wa majini analingana na Kapteni wa nchi kavu, Kepteni wa majini na Kanali, Komodoro na Brigedia Jenerali. Usimhurumie Luteni wa Kibweni, makao makuu ya KMKM, ukidhani kachelewa.

Na kwa vijana wetu wa visiwani khasa, angalieni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli Hamis, na karani wa bara keshaandika Hamisi. Siku majina yanapopekuliwa, faili lenye majina matatu huwekwa pembeni "kwa uhakiki", na zamu inapita. Rekebisha kwa hati ya kiapo kabla ya kuingia, na ukishaingia hakikisha tarehe ya kamisheni iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zako ndiyo ile uliyovishwa cheo.