Sista, Vipimo Vinasema Mzima Lakini Moyo Unakwenda Mbio

SWALI

Shikamoo Sista. Nina miaka 27, naishi Kimara, nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Mwezi wa tatu nilikuwa ndani ya mwendokasi asubuhi, tumebanana hata mkono haunyanyuki. Tulipofika Manzese moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikakata, midomo na vidole vikaingia ganzi. Nikajua nakufa. Nikasukuma watu, nikashuka, nikakaa chini pale kituoni nalia. Tangu siku hiyo imenirudia mara tano. Nimepimwa moyo, presha, sukari, damu, tezi ya shingo, vyote vizuri. Mama anasema nimetupiwa kitu, amenipeleka kwenye kisomo. Siku hizi napanda bodaboda kwenda na kurudi, mshahara unaishia njiani. Daktari ameniambia nitafute tiba ya fikra na tabia. Sista, mimi sina wazimu. Na maneno yatatibu vipi moyo unaodunda hivi?

Msomaji, Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huna wazimu. Hilo ni shambulio la hofu, na katika miaka yangu 22 ya unesi wa afya ya akili nimekaa na wengi waliokuja na bahasha ya vipimo kama yako, wameishikilia kifuani, wananiambia, "Sista, hawajaona tu."

Hiyo ganzi ya midomo ina sababu yake. Mtu akiogopa anahema haraka kuliko mwili unavyohitaji, anatoa hewa ukaa nyingi mno. Ikipungua kwenye damu, vidole vinachonyota, midomo inakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Moyo nao unakimbizwa na adrenalini, ile ile inayokurusha pembeni gari likikupigia honi. Unatisha huo mdundo, lakini ni mwili wenye afya unaofanya kazi yake mahali pasipo na hatari.

Sasa rudi nami Manzese. Joto, kubanana, moyo ukadunda kidogo. Likapita wazo: nakufa. Wazo hilo likaleta adrenalini zaidi, moyo ukazidi, na wewe ukaona ndiyo ushahidi kwamba kweli unakufa. Ukashuka. Baada ya dakika chache ukatulia, na akili ikashika kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Kumbe ungetulia hata kama ungebaki ndani. Kila bodaboda unayopanda inazidi kulikaza somo hilo la uongo.

Tiba uliyotajiwa inashughulika na mzunguko huo. Ilianza kukua Marekani miaka ya 1960, kwa daktari wa akili wa Philadelphia aitwaye Aaron Beck. Aliona wagonjwa wake wenye sonona wanapitiwa na mawazo mafupi yanayojileta yenyewe, "sifai", "nimeshindwa", wala hawayatilii shaka. Akawafundisha kuyakamata na kuyapima kama mtu anavyopima madai ya jirani. Mwaka 1986 David Clark, kule Oxford, akaeleza kwamba kwenye shambulio la hofu kosa liko kwenye kuusoma mwili: mdundo usio na madhara unasomwa kuwa kifo.

Kwa hiyo usiende ukitegemea kubembelezwa. Wengi huenda hivyo, wakipewa kazi ya nyumbani hawarudi, na mimi huumia kila nikiona kiti kitupu, kwa sababu kazi hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Nakwambia kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mimi ni mkazi wa Kigamboni. Baada ya kumzika baba, nilishikwa hivyo hivyo ndani ya pantoni, katikati ya maji, nikiwa na sare yangu ya kazi. Daraja la Nyerere lilikuwa limeshafunguliwa, basi nikawa nazunguka huko. Miezi saba. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia, "Nesi mzima unaogopa maji?" Nikanyamaza nikaendelea kuzunguka.

Daktari aliyenitibu hakuniambia nisiogope. Alinipa karatasi yenye safu nne: niko wapi, nimewaza nini, nimefanya nini, kimetokea nini. Siku ya kwanza kurudi kwenye pantoni niliandika kwa mkono unaotetemeka, "Nitazimia, nitaanguka baharini." Akataka niandike naamini hilo kwa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 100. Nikaandika 90. Masharti yake: nisishike chuma, nisimshike mtu, nisifumbe macho, nisihesabu pumzi. Tulipong'oa nanga Magogoni moyo ulipanda mpaka nikausikia masikioni. Nilisimama. Ulikaa juu, ukakaa, halafu ukaanza kushuka wenyewe, na mlango wa pantoni ulipogonga upande wa pili nilikuwa bado nimesimama, kitambaa changu kimelowa jasho. Nikaandika 40. Wiki ya nne nikaandika 5.

Kwako naamini kuna vitu vidogo unavyovitegemea. Chupa ya maji mkononi? Kusimama karibu na mlango? Dawa ya kunusa? Dada yako hewani kwenye simu? Viandike vyote. Vinafariji, lakini ndivyo vinavyochukua sifa: hukufa kwa sababu ulikuwa na maji. Navyo vitaachwa kimoja kimoja. Mtaalamu anaweza pia kukutaka uheme haraka kwa dakika moja pale pale kitini, au upande ngazi mbio, ili ganzi na mdundo vije mbele yenu wote wawili, uone vinavyokuja na vinavyoondoka.

Kwa kawaida mnakutana mara moja kwa wiki, dakika 50 hadi 60, na shambulio la hofu mara nyingi huchukua mikutano kama 12. Ziko dawa pia zinazosaidia, za kumeza kila siku kwa maelekezo ya daktari. Ninachokuomba ni usijinunulie diazepam, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, duka la dawa umeze kabla ya safari. Inazoeleka upesi, na nayo itachukua sifa ile ile ya chupa ya maji.

Mama yako mheshimu. Kisomo hakigombani na tiba hii, endelea nacho ukipenda. Akisema haya ni mambo ya Wazungu, mwambie kwamba Moshi, na Bungoma kule Kenya, watoto waliofiwa na wazazi walipewa tiba ya aina hii kwa vikundi na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, na wengi walipata nafuu.

Anzia kliniki ya afya ya akili: Muhimbili, Mwananyamala, Amana au Temeke. Wenye ujuzi huu si wengi, kwa hiyo uliza wazi: "Unafanya tiba ya fikra na tabia? Utanipa kazi ya nyumbani?" Akisema mtakuwa mnazungumza tu, shukuru, uulizie mwingine. Na kifua kikikuuma unapobeba mzigo au kupanda ngazi, rudi kwa daktari wa moyo. Wazo la kujidhuru likija, siku hiyo hiyo nenda hospitali na mtu wako, usisubiri miadi.

Wakati unatafuta, kwa kuwa moyo umeshapimwa, anza hivi. Jumatatu saa nne asubuhi, msongamano umepungua, panda Kimara Mwisho ushuke kituo kinachofuata, Korogwe. Kabla ya kupanda andika unachoogopa kitatokea, na namba yake. Chupa ya maji iache nyumbani. Moyo ukipanda, uache upande, usishuke kabla ya kituo chako. Kesho yake rudia kituo hicho hicho, mpaka namba ipungue, ndipo uongeze cha pili. Manzese tutafika. Wiki ya tatu niandikie, na unitumie hiyo safu ya mwisho, ya kilichotokea.