Maswali ya Wasomaji: HR akikuuliza unalipwa ngapi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni developa wa programu za kompyuta, nina miaka minne kazini. Kampuni moja ya Dar es Salaam imenifanyia usaili kwa simu, na sasa HR (afisa rasilimali watu) anataka nitaje mshahara ninaolipwa hapa Mtwara. Nikiutaja wataniongezea kidogo tu. Nikikataa wataona najidai. Nifanyeje?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

JIBU: Usiutaje, na usidanganye pia, maana hati ya mshahara inaweza kuombwa baadaye. Mjibu hivi: “Mshahara wa sasa ni wa kazi nyingine. Kwa majukumu mliyonieleza, nafasi hii mmeitengea kiasi gani?” Akikazania, taja kiasi unachotaka, si unachopata.

Kiasi hicho kipigie hesabu kwanza. Wengi hutamka milioni moja na nusu wakidhani ndiyo itakayoingia benki. Tuikate. Fungu lako la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 150,000. Inayobaki kutozwa kodi ni 1,350,000. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza Julai 2021, utalipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi milioni moja, jumla 233,000. Mkononi: 1,117,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ondoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000. Umebakiwa na 892,000, na hapo hujagusa kodi ya nyumba Dar, ambako wenye nyumba wengi hudai miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo anza na unachohitaji mkononi, kisha panda juu. Na kila tarakimu inapotajwa, uliza kama ni kabla ya makato au baada.

Wakati wa kubishana ni baada ya kuambiwa “tumekuchagua” na kabla ya kusaini. Kabla ya hapo wewe ni mmoja kati ya wengi. Baada ya hapo wamekwisha kuwaaga wengine, na kuanza usaili upya kutawachukua wiki kadhaa. Ukiwa na ofa nyingine ya kweli, itaje wakati huo. Ya kubuni iache, kwa sababu wakikuambia “basi nenda huko” huna pa kwenda.

Wakisema mshahara hauongezeki, hamia kwenye mengine: nauli na pesa ya kuhamia, au ufanye kazi ukiwa Mtwara huku wao wakilipia kompyuta na bando. Yote yaandikwe kwenye mkataba.

Jambo la mwisho: usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya simu. Subiri ofa iliyosainiwa, kisha toa notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa siku zisizopungua 28. Kumbuka pia kwamba kinga ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Huko unakokwenda utaanza tena sifuri, na hiyo nayo ni sababu ya kudai nyongeza ya maana.

SWALI: Nimepewa jaribio la siku tano bila malipo: nitengeneze mfumo mzima wa mapokezi ya korosho kwa chama cha msingi cha ushirika. Nikubali?
*Msomaji, Lindi*

JIBU: Hapana, si kwa sura hiyo. Jaribio la saa mbili au tatu ni la kawaida. Mizani, stakabadhi na malipo ya wakulima kwa pamoja ni kazi kamili. Waambie utatengeneza kipande kimoja, tuseme ukurasa wa kupokea mzigo: namba ya mkulima, kilo, daraja, na usikubali kilo hasi. Kiendeshe mbele yao kwenye kompyuta yako. Msimbo (code) ubaki kwako hadi mkubaliane. Wakitaka mfumo wote, taja bei. Na kama wanauhitaji kabla minada ya korosho ya Oktoba haijaanza, wenye haraka ni wao.