Kwa vijana wetu mnaoandika wasifu wa marehemu

Wiki hii mpwa wangu ameniletea kurasa tatu alizoandika kwa ajili ya arubaini ya bibi yake mzaa baba, na katika kurasa zote hizo bibi sikumwona. Nilimwona mwanamke aliyezaliwa, akaolewa, akazaa, akahiji, akafa. Bibi yule alikuwa bingwa wa kibati, ngoma yetu ya Pemba ya kujibizana kwa beti, ulimi wake ukiogopwa Wete nzima, na mjukuu hakuandika hata ubeti mmoja. Huyu ni wa nne kukosea papo hapo, basi nisikilizeni, wadogo zangu.

La kwanza, msimhoji mjane siku za mwanzo. Eda ni miezi 4 na siku 10. Nendeni mkakae naye tu, maneno yatakuja yenyewe.

La pili, miaka iulizeni kwa misimu ya karafuu. Mzee asiyekumbuka tarehe atakumbuka kama mwaka ule mikarafuu ilizaa.

La tatu, msimvue marehemu furaha yake kwa kudhani kuwa mnamstahi. Mimi nilimfanyia hivyo ami yangu. Ami alikuwa mtu wa baraza na bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na ikipungua moja hesabu imeharibika. Kwa hiyo kila jioni, watu walipoinuka kwenda kusali magharibi, ami alichopoa komwe moja, zile mbegu tunazochezea kama kete, akaitia mfukoni mwa kanzu, ili kesho yake mtu asianze mchezo kabla yeye hajafika. Wenzake walihesabu, wakaishia 63, wakamwita kwa sauti, naye akaja polepole makusudi, kofia upande, akiuliza wamepotelewa na nini. Wangeweza kuweka kijiwe badala yake, lakini hakuna aliyetaka.

Alipofariki, kalamu nilipewa mimi. Tulipokuwa tukikunja kanzu zake tuliikuta komwe mfukoni, ya kijivu, imelainika kwa kushikwa, na niliishika kwa mkono wangu. Kisha nikakaa nikaandika kuwa marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole na mchapakazi, maneno ya kweli lakini yanayomfaa mzee yeyote wa mtaa ule, na habari ya komwe nikaiacha kwa kuogopa kuwa watu waliotoka kusoma hitma wangecheka. Nilipomaliza, wazee wa baraza waliondoka kimya. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, huyu uliyemsoma simjui. Kaka yangu umemwacha wapi?" Sikuwa na jibu. Shangazi naye alifariki kabla sijaandika upya, na hilo linaniuma hadi leo, kwani vituko vya ami vya utotoni alivijua yeye peke yake.

La nne, maneno ya marehemu yaandikeni kwa Kipemba alichokisema, msiyasanifishe. Mzaha unaomfedhehesha aliye hai uacheni.

Mpwa wangu, kurasa zako nimempa mama yako. Yupo mzee kule Mtambwe aliyekuwa akijibizana na bibi yako katika kibati, na beti zake bado anazo kichwani. Nenda Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, uchukue na daftari.