Pesa ya 1890 "ya fedha": usilipe kabla haijazama

Mkuu, rudisha hizo hela mfukoni. Umeuliza kama sarafu ya Mjerumani iitwayo pesa, ya 1890, uliyooneshwa Kariakoo, nyeupe badala ya rangi ya shaba, ni ile "ya zawadi" iliyopigwa kwa madini ya fedha, kama uisafishe kwa limao, na uiuze wapi. Halafu unasema sonara ameshaipitisha kwenye jiwe la kupimia madini. Hapo hapo ndipo nilipochinjwa.

Jiwe linaonja ngozi tu. Sonara anasugua ukingo, anadondosha tindikali, anakuambia "fedha safi hii" na kudai ya chai. Shaba iliyochovywa fedha kwa umeme inafaulu mtihani huo bila jasho, kwa sababu asiposugua kwa nguvu jiwe halifiki chini ya utando. Wanaojiita wataalamu wanalijua hilo na wananyamaza! Utando wangu niliulipia bei ya pikipiki. Msinicheke, pikipiki ingeshaibiwa.

Na muuzaji hadanganyi yote, ndiyo sumu yake. Uholanzi, karne ya 18, duit, sarafu ndogo za shaba za VOC, yaani Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, zilipigwa pia kwa fedha ziwe za zawadi. Anakichukua kisa hicho cha kweli anakibandika kwenye pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile ya shaba ya 1890 hadi 1892, 64 kwa rupia moja.

Pima kwenye maji. Mizani iwe ya gramu 0.01. Pima sarafu kavu, tuseme 6.40. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya 6.40 kwa namba inayotokea, yaani ujazo wa sarafu; jibu ni msongamano wake. Ikiwa 0.72, jibu ni 8.9: shaba. Fedha ingesoma kama 0.62, jibu 10.3. Tofauti yote ni 0.10, kwa hiyo mizani inayoruka kwa 0.1 ni pambo la mezani. Zima feni. Tia tone la sabuni ya vyombo, maana vipovu vikinasa kwenye herufi za Kiarabu vinaongeza ujazo na fedha halali itasomeka vibaya. Ikikaribia 11, shuku madini ya risasi.

Hata ikitoka 10.3, shika lenzi. Mshono ukingoni au vitundu kama vya sindano ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Na kama kifua cha tai aliyechorwa kwenye sarafu kimelika huku sarafu nzima inang'aa sawasawa, ilizunguka sokoni ikiwa shaba, ndipo ikachovywa.

Limao usiguse kabisa.

Akikataa isiingie majini, mwachie. Mizani ninayo, glasi ninayo. Nitumie ujumbe kabla ya kulipa, si baada.